Kabureta Mpya, Ugonjwa Uleule

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa blanketi, sufuria kubwa na saa ya ukutani. Blanketi nimelielewa, baridi ya Tukuyu mnaijua. Sufuria aliielewa mke wangu. Saa bado naitazama na kujiuliza mlikuwa na maana gani kumpa saa mtu mliyekuwa mnamwondoa kazini. Halafu mkaniomba niandike niliyoyaona, mkasema mzee akiondoka anaondoka na mambo yote. Si kweli. Mambo mengi nimeyaacha kwenye kabati la spana, mkipata siku ya kulifungua. Lakini nimekaa nimeandika, na mwandiko mtanisamehe, mkono huu umezoea nyundo.

Habari za vyeo hamtazikuta hapa, wala za mshahara. Nitaandika juu ya mtu aliyenifundisha, na mashine chache zilizonisumbua kichwa, halafu nitafika kwenye kabureta ya pikapu niliyoibadilisha uani kwangu baada ya kustaafu. Kabureta hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Bila hiyo mngesubiri sana.

Siku ya kwanza kazini nilitoka Mpuguso kwa miguu, nimevaa shati la kanisani. Mama alisema kiwandani kuna wakubwa, nisiende kama mchuma chai. Mzee Mwandemele, fundi mkuu wa karakana, alikuwa mtu mfupi mwenye masikio makubwa na sauti ya kugomba hata akisalimia. Aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, mzee."

"Basi vua hiyo. Leo tunashusha giaboksi."

Nilifanya kazi na fulana. Jioni mama aliitazama ile fulana, akaniuliza kama huko wamenifundisha kazi au wamenipiga. Nilimwambia vyote viwili, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza mpaka leo. Nilikuwa nimeona ndani ya kitu ambacho maisha yangu yote nilikiona kwa nje tu, kikipita barabarani na kuniachia matope.

Mwandemele alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, hakuna kushika spana kabla hujamuuliza dereva maswali matatu: gari linaanza kuumwa mahali gani, wakati gani, na wewe ulikuwa unafanya nini. Na lazima ajibu dereva mwenyewe. Dereva akimtuma utingo, Mwandemele alivuta kigoda, akamimina chai, akakaa. "Hakuna mtu anayetuma mwenzake akaumwe kwa niaba yake," alisema. Dereva akafuatwe, hata kama ameenda msibani. Wakubwa walichukia sana jambo hili, maana lori lilisimama na majani yalikuwa yanaharibika shambani. Yeye alikunywa chai yake.

Sheria ya pili ilikuwa ya mkono. Kabla ya chombo chochote, weka kiganja. Alipapasa injini kama mama anavyompapasa mtoto paji la uso. "Spana haijui moto wala baridi," alisema, "mkono unajua." Mimi mwanzoni niliona ni madoido ya uzee. Baadaye niliungua vidole mara nyingi kwa kumuiga, na katika kuungua nikajifunza mengi.

Nitawapa mfano mmoja wa maswali yake. Tulikuwa na lori la kubebea majani ya chai ambalo likiwa limejaa lilipanda mlima vizuri, likiwa tupu likakata pumzi. Tulicheka mpaka tukachoka. Mafundi wawili walifungua pampu ya mafuta, wakaisafisha, wakairudisha, lori likaendelea na ukaidi wake. Mwandemele alimwita dereva, akamuuliza maswali matatu. Akafika la mwisho: "Likiwa tupu, magunia unayaweka wapi?" Dereva akasema anayakunja na kuyarundika nyuma ya kichwa cha lori, yasipeperuke. Mzee akaenda nyuma ya kichwa, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la kuvutia hewa. Magunia yenye maji yalikuwa yanauziba. Lori likijaa, magunia yanakuwa na majani, yako nyuma huko, hewa inapita. Siku ile niliacha kucheka lori lolote lile.

Magari ya petroli yalikuwa machache. Lilikuwepo moja la meneja, nalo lilikuwa kazi yangu kulisafisha. Kwenye injini yake kulikuwa na bomba laini la bati linalotoka pembeni ya eksozi kwenda kwenye chujio la hewa, juu ya kabureta. Nililing'arisha kila wiki bila kujua ni la nini. Siku moja nikauliza.

"Linapeleka joto," akasema Mwandemele.

"Joto la nini, mzee? Injini si moto wenyewe?"

"Kaulize mvua," akanijibu, akaingia chini ya trekta. Nilingoja atoke aeleze. Alipotoka alikuwa anataka spana namba kumi na tatu, na mazungumzo yakawa ya spana.

Kisha meneja akahama na gari lake, na kiwanda kikabaki na dizeli tupu. Dizeli haina kabureta, yaani kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa. Miaka ikaenda, nikawa fundi wa pampu na nozeli, na kabureta nikazisahau kama mtu anavyosahau nyimbo za shule: ukianza zinakuja zenyewe, ila kuna ubeti mmoja hauji. Mwandemele alistaafu, akaniachia bisibisi yake yenye mpini wa mti wa kahawa alioutengeneza mwenyewe. Tulimzika siku ya mvua, nami nikiwa makaburini nilikumbuka kwamba sikuwahi kurudia lile swali. Nililia kwa mambo mengi siku ile, na hilo lilikuwa mojawapo.

Sasa niwalete uani kwangu.

Nilipostaafu nilinunua pikapu kuukuu ya petroli kwa mtu wa Kyela. Ilikuwa imebeba mpunga na kakao maisha yake yote, na mpaka leo ukikaa kwenye kiti unanuka kakao. Mke wangu, Mama Lusajo, aliizunguka, akagonga ubavu wake kwa kidole, akasema, "Baba Lusajo, umenunua gari au umenunua kazi?" Nilifungua boneti, maana jibu alikuwa nalo.

Mwenye kuitumia hasa ni Sekela, mke wa mwanangu Lusajo. Lusajo ni dereva wa malori ya masafa marefu, anakaa barabarani zaidi kuliko nyumbani. Sekela alijifunza kuendesha, akapata leseni, akaenda mwenyewe kuongea na wafugaji wa Lufingo. Wakakubaliana kwamba kila alfajiri atapita kwenye vituo vyao, akusanye keni za maziwa, azifikishe kituo cha kupokelea Tukuyu kabla hakijafunga. Hiyo ni kazi yake. Sikumpa mimi, wala mume wake. Aliitafuta kwa mdomo wake, na nilimwonea fahari, ingawa sikuwa na namna ya kumwambia.

Hapo lazima nieleze kwa wale waliotoka mbali. Kwetu, baba mkwe na mkamwana hawakutani uso kwa uso. Mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hamshiki mkono, hakai naye chumba kimoja. Akinikuta njiani anaingia kwenye migomba mpaka nipite, nami nakohoa kutokea mbali ili asishtuke. Siku hizi wengi wameiacha mila hii. Wengine wameimaliza siku ya harusi kwa soda na keki, na siwalaumu. Nyumbani kwetu haikuachwa. Sekela alilelewa na bibi yake, amefundishwa hivyo, na ni heshima yake kwangu. Mimi namheshimu kwa kutomlazimisha. Nyumba zetu zinatenganishwa na migomba. Sauti yake naijua kwa kuisikia ikiimba upande wa pili. Uso wake nimeuona vizuri kwenye picha za harusi.

Baridi ilipoingia, ile ya ukungu unaolala mpaka katikati ya asubuhi, pikapu ikaanza kuzimika njiani. Inazima, inakataa kuwaka, halafu baada ya muda inawaka yenyewe kama haijafanya kitu. Sekela akachelewa kituoni. Akachelewa tena, na maziwa yakakataliwa yote. Mjue maziwa yakikataliwa yanarudi kwa mwenyewe yakiwa yameganda, na mwenyewe ni mama aliyeamka gizani kukamua. Wafugaji wakaanza kunong'ona habari ya mtu mwenye bajaji ya mizigo.

Nikafanya alivyonifundisha Mwandemele, au nilidhani hivyo. Nikamwambia Mama Lusajo, "Nenda kamuulize mkamwana gari linazimika wapi, saa ngapi, na alikuwa anafanya nini."

Akavuka migomba, akakaa huko kitambo, nikasikia wanacheka. Akarudi.

"Anasema linazimika asubuhi. Njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani, baba Lusajo. Kwani linazimikia kitandani?"

"Hakusema kingine?"

Mke wangu akatazama pembeni. "Anasema kama lina maji maji."

Maji! Nikafurahi. Nikatoa petroli yote kwenye tangi, nikachuja kwa kitambaa, nikabadilisha chujio, nikapuliza mabomba. Sikupata maji hata tone. Nikaijaribu pikapu mchana, jua limetoka, nikaenda mpaka mjini na kurudi, ikakimbia kama imeagizwa. Kesho yake alfajiri ikazimika.

Basi nikasema ni kabureta, imechoka na kakao za Kyela. Nikapanda gari kwenda Mbeya, nikazunguka kwa wauza vipuri mpaka nikapata inayofanana, iliyotumika kidogo. Nikairudisha nimeipakata kama mtoto, na abiria wa jirani akaniuliza ni pampu ya maji. Nikamwambia ni mgonjwa wangu.

Kazi yenyewe niieleze, maana huenda mkaikuta, na dizeli haitawafundisha. Nilitoa kwanza waya wa betri. Kisha nikafungua boksi la chujio la hewa, ndipo kabureta inaonekana imekaa juu ya manifodi, mlango wa hewa wa injini, kama chungu juu ya mafiga. Kuna mipira midogo mingi, na adui wa fundi ni kuirudisha mahali pasipo pake. Nilichana kamba za maganda makavu ya mgomba, nikafunga kila mpira na mahali pake kwa mafundo: huu fundo moja, ule mawili. Nikachomoa bomba la petroli na kuliziba kwa kipande cha penseli. Nikatoa waya wa mafuta unaotoka kwenye pedeli, nikalegeza nati nne kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Kabureta ikanyanyuka, na papo hapo nikaziba tundu la manifodi kwa kitambaa safi. Nati ikiangukia mle, umejitafutia kazi ya mwezi mzima. Nikakwangua gasketi ya zamani taratibu mpaka chuma kikawa kitupu, nikaweka mpya, nikashusha kabureta, nikakaza kwa kupishana pembe kwa pembe bila kutumia hasira. Kabureta haikazwi kwa hasira, kitako chake kinapinda, na kikipinda hewa inaingia kwa wizi.

Nikarudisha mipira kwa mafundo yake. Nikawasha. Nikarekebisha silensa, yaani ule mngurumo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, kwa bisibisi ya mpini wa kahawa, mpaka injini ikatulia ikawa kama paka anayeota moto. Mama Lusajo alitoka jikoni kusikiliza, na hilo kwake ni pongezi. Nilinawa mikono, nikala vizuri, nikalala mapema.

Asubuhi Sekela alirudi kwa miguu.

Sikumwona. Nilimsikia upande wa pili wa migomba, hakuwa anaimba. Mama Lusajo akaenda, akarudi amekaza uso. Gari lilizimika kwenye mteremko, lilipowaka kituo kilikuwa kimefunga, na njiani kurudi likamzimikia tena. Wafugaji wamekaa kikao. Wamempa mpaka Ijumaa. Akichelewa Ijumaa, keni zao zinahamia kwenye bajaji.

Niliumia. Nilikuwa na maisha mazima ya ufundi, na nilikuwa nimeshindwa na gari la uani kwangu, la mtu wa nyumbani kwangu. Nikamwambia mke wangu, "Mama Lusajo, kaa hapa. Niambie alichosema siku ile, chote, hata cha kijinga."

Akavuta kanga. "Utanicheka."

"Sicheki."

"Utamcheka yeye, ndiyo mbaya zaidi."

"Sema, mama."

"Alisema likizimika anafungua boneti, anakuta shingo ya kile kidude inatoka jasho, halafu imeota barafu. Barafu, baba Lusajo! Kwenye injini ya moto! Sasa mimi ningeanzaje kuja kukwambia mkamwana wako anasema moto umeota barafu? Ungesema anakutania. Mkamwana hatanii baba mkwe. Nikaona nikuambie maji maji, yatosha."

Alikuwa amemlinda. Sikuweza hata kukasirika. Mwandemele angevuta kigoda chake, akamimina chai, akanitazama tu. Nilikuwa nimetuma mtu akaumwe kwa niaba ya dereva, na dereva ndiye aliyekuwa ameuona ugonjwa kwa macho yake.

Lakini ningemuulizaje? Kumwita mbele yangu ningeivunja heshima aliyoitunza tangu aingie kwangu, na kuivunja kwa sababu ya pikapu ya kakao. Mchana nililifuata lile gari, likawaka bila ubishi, nikalirudisha uani, nikalizunguka nikiwaza. Nikafungua boneti nitazame tena, nikasimama mbele, na ndipo nikagundua kitu ambacho kimekuwa mbele yangu miaka yote: boneti ikiwa juu, fundi aliyesimama kwenye injini hamwoni aliyekaa kwenye usukani, wala aliye kwenye usukani hamwoni fundi. Ni ukuta wa bati.

Nikamtuma Mama Lusajo na neno moja. Kesho yake, ukungu umeshuka mpaka migomba ya jirani haionekani, nilisimama mbele ya pikapu, boneti juu, uso wangu kwenye injini. Nikasikia mlango wa dereva unafunguliwa na kufungwa. Mke wangu alikaa kizingitini kama shahidi wa ndoa.

Nikakohoa. "Wewe gari," nikasema, "hebu jieleze. Unazimika wapi?"

Nikaanza kujiona mjinga. Kisha sauti ikatoka nyuma ya boneti, ndogo lakini haikutetemeka.

"Mimi gari nazimika kwenye mteremko, mguu wa dereva ukiwa umetoka kwenye mafuta. Na pale kwenye vituo, akiniacha nanguruma wakati wa kupakia keni."

"Mlimani je?"

"Mlimani nikikanyagwa sizimi."

"Wakati gani?"

"Ukungu ukiwa chini. Ukungu ukipanda, hata nikitumwa Mbeya naenda. Siku yenye jua sijawahi kuzima hata mara moja." Akaongeza: "Na barafu ni kweli. Dereva aliigusa. Alitaka kuileta, ikayeyuka mkononi."

Maswali matatu, majibu matatu, na la nne la ziada. Ni wachache kati ya mafundi niliofanya nao kazi ambao wangeeleza gari vizuri hivyo.

"Gari," nikasema, "waka."

Akawasha. Nikaacha injini ingurume polepole, ukungu ukivutwa mle ndani kama unanyonywa. Nikaweka kiganja kwenye shingo ya kabureta, kama nilivyofundishwa, na kama nilivyosahau kufanya siku zote zile kwa sababu nilikuwa nikiijaribu mchana wa jua. Chini yake eksozi ilikuwa imeanza kuchoma, lakini shingo ilikuwa baridi. Ikaendelea kuwa baridi. Ikatoa jasho, jasho likaganda, na chini ya vidole vyangu nikahisi kitu cheupe, kigumu kidogo, kama chumvi ya mawe. Injini ikakohoa, ikafa.

Nilicheka kwa sauti. Mama Lusajo akasimama.

"Iko?" akauliza.

"Iko, mama! Barafu! Njoo uone!"

Akaja, akagusa, akatoa mkono haraka. "Ndaga fijo, Tata," akasema, sijui alikuwa anamshukuru Mungu au kabureta.

Nyuma ya boneti nikasikia kicheko kimezibwa kwa kiganja.

Nesi akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano, unasikia baridi, kwa sababu spiriti ikikauka inaondoka na joto lako. Petroli nayo inafanya hivyo hivyo ikigeuka mvuke ndani ya shingo ya kabureta. Hewa ikiwa kavu hakuna neno. Hewa ikiwa ni ukungu wetu huu, unyevu unaganda mle ndani, barafu inaziba njia, injini inakosa pumzi. Gari likisimama, joto la injini linapanda, barafu inayeyuka, linawaka, na fundi akifika haoni kitu. Ndiyo maana waliotengeneza magari haya waliweka lile bomba la kuchukua hewa ya moto pembeni ya eksozi. Kyela kuna joto la kutosha kuivisha ndizi kwenye begi, na fundi wa kule aliliona halina kazi akalitoa. Kwa Kyela hakukosea. Ila gari lilipanda mlima na bomba halikupanda nalo. Kaulize mvua, alisema Mwandemele, na mvua ilikuwa imenijibu baada ya yeye kulala.

Siku ile ile nilikata debe la mafuta ya kula, nikalizungusha kwenye eksozi likawa kama koti, nikatoboa tundu, nikaunga mpira mnene wa zamani mpaka mdomo wa chujio la hewa. Halikuwa zuri kutazama. Maandishi ya mafuta ya kula bado yanasomeka mpaka leo, na likipata moto linanuka chapati. Ile kabureta ya Kyela niliyoitoa ilikuwa haina ubaya wowote. Imekaa dirishani, Mama Lusajo anaitumia kuzuia pazia.

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Niliamka kabla ya Sekela, nikakaa ndani kwenye giza, nikamsikia akipakia keni tupu, akawasha, akaondoka. Nikaifuata sauti kwa masikio mpaka ikapotea. Kisha nikakaa chini ya ile saa yenu ya ukutani, na kwa mara ya kwanza nikaona kazi yake, nikaichukia. Mama Lusajo alileta chai. Ikapoa.

Ukungu ulikuwa bado haujapanda nilipoisikia pikapu inarudi. Ilikuja polepole, silensa imetulia, ikaingia uani. Keni zinalia, na keni ikilia namna ile ni tupu. Mke wangu alikuwa ameshavuka migomba akikimbia na kanga mkononi. Niliposikia vigelegele nilikaa nikajifuta macho. Hakuwepo wa kuniona, na hata angekuwepo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, vijana. Namba za spana mnazijua. Mabomba msiyatoe mpaka mjue yanapeleka nini na wapi, na mkiyatoa yasafiri na gari. Dereva muulizeni mwenyewe, na ikiwa kuna ukuta kati yenu, tafuteni ukuta unaopitisha sauti.

Tangu Ijumaa ile pikapu haijazimika. Hata hivyo Jumamosi zote, akishamaliza mzunguko, Sekela huiegesha uani mbele ya mlango wangu, nami huenda kuikagua. Gari hunieleza mambo: njia ya Lufingo imeharibika wapi, nani ng'ombe wake amezaa, Lusajo amepiga simu akiwa wapi. Mimi nalijibu gari. Jumamosi iliyopita nilichelewa kutoka, nilikuwa nakunywa chai, na nilijua gari halina ubovu wowote. Nikasikia hatua zake, nikasikia boneti inafunguliwa na kuegemezwa kwenye fimbo yake. Kisha mlango wa dereva ukafungwa, akakaa nyuma ya lile bati, akanisubiri.